HINA SI MAJANI TU? MAELEZO JUU YA BEI YA HINA YA BIBI ARUSI

Keti kitako, maana nataka kukupeleka kwetu Chaani, Port Reitz, ukasikie ugomvi. Si ugomvi wa ngumi, la hasha. Ni ugomvi wa bei, na hutokea karibu kila wiki barazani petu wakati jamaa za bibi arusi wanapokuja kuagana na mamangu juu ya hina.

"Elfu nne?" husema mmoja wao, aghalabu shangazi wa bibi arusi, kwani shangazi ndiye hutumwa kwenye kazi ya kuteta bei. "Elfu nne za nini, dadangu? Kwani hina si majani tu?"

Mamangu hajibu. Humwongeza chai. Mimi ndiye nisiyeweza kunyamaza, ila mtoto haingilii maneno ya wakubwa, basi humeza mate na kuendelea kuchekecha unga. Ndiyo sababu mwalimu mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alipotutaka kila mwanachama aandike makala ya kueleza jambo analolijua vyema, badala ya kutuletea tena "Faida za Elimu", nilijua papo hapo nitaandika nini. Haya ndiyo majibu yangu kwa shangazi. Yamechelewa, lakini yamefika.

Kwanza nikubali: shangazi hakusema uongo. Hina ni majani. Ni majani ya mti mdogo uitwao mhina, ambao wataalamu wa mimea huuita Lawsonia inermis, na mti huo si mgeni kwetu pwani. Nyanya yangu husimulia kwamba zama zao walikuwa wakiyachuma majani uani, wakayaanika, kisha wakayatwanga kwenye kinu mpaka yakawa unga. Siku hizi wanaotwanga ni wachache. Unga huja umekwisha sagwa ndani ya pakiti, na mwingi wake hutoka India na Pakistan. Jambo la kuchekesha ni kwamba sisi watu wa Port Reitz tunaziona kreni za bandari, makontena yanateremshwa mbele ya macho yetu, lakini mamangu hawezi kwenda pale langoni akasema, "Nipeni pakiti zangu mbili." Mzigo huenda mjini, hupita mikononi mwa tajiri wa jumla, kisha kwa mwenye duka la viungo huko Marikiti, na kila mkono unaoupitia huacha shilingi zake. Halafu mamangu hupanda matatu, akavuka Makupa, akanunua, akarudi na unga ule mpaka kando ya bahari ile ile ulikoshukia.

Mamangu ana daftari, na mimi ndiye karani wake. Hebu tuitazame arusi moja tu, ya mwezi wa Disemba, huko Magongo. Jina la bibi arusi silitaji. Alitaka mikono yote miwili, mbele na nyuma, mpaka viwikoni, na miguu mpaka nusu ya muundi. Waliagana sh 4,000, elfu moja ikiwa ni arbuni iliyotumwa kwa M-Pesa. Tukaanza kutumia. Pakiti mbili za unga mzuri, sh 400. Mafuta ya mkaratusi, sh 100. Ndimu sita, sh 60. Sukari, sh 20. Pamba, sh 40. Nailoni ya kutengenezea koni pamoja na utepe wa kuzigandishia, sh 60. (Zamani koni zilikatwa kwenye mifuko ya kawaida tu, lakini tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini mwezi wa Agosti 2017, mamangu hununua ile nailoni nene ya kufungia maua na zawadi.) Hapo tumefika sh 680. Ongeza nauli ya mjini, kwenda na kurudi, sh 160. Tuktuk ya usiku kwenda Magongo na kurudi, sh 200. Msichana aliyesaidia kuchora miguu, sh 600. Jumla ni sh 1,640. Zilizobaki ni sh 2,360.

Najua shangazi angekuwepo hapa angepiga makofi. "Si unaona! Zaidi ya elfu mbili, na zote faida!"

Polepole, shangazi. Siku hiyo niliandika na saa pia. Kwenda mjini kununua vitu na kurudi, saa mbili unusu, na mwenye kuijua foleni ya Changamwe hatanibishia. Kuchekecha unga, saa moja. Kukoroga na kujaza koni, saa moja unusu. Kufika kwa bibi arusi, kumngoja aoge na awaage wageni wake, na kurudi nyumbani, saa mbili. Kuchora kwenyewe, saa sita, mamangu ameinama juu ya mto bila ya kuegemea. Jumla ni saa kumi na tatu. Gawanya mwenyewe. Utapata kama sh 180 kwa kila saa, na hapo sijauhesabu ule muda ambao hina yenyewe inalala.

Huku kulala kwa hina ndiko watu wasikokujua, na ndiko bei yote iliko, kwa hiyo nitakueleza bila ya haraka.

Ndani ya jani la mhina mna rangi iitwayo losoni. Ni kidogo sana, kama sehemu moja au mbili kwa kila mia ya uzito wa jani kavu, na haitoki kwa kulazimishwa. Unga ukitiwa maji ya ndimu, ile tindikali huifanya rangi ijiachie polepole. Huchukua saa sita, saa nane, na pengine usiku kucha kukiwa na baridi. Ukiipaka kabla ya wakati wake haitashika. Ukiichelewesha mno, rangi hufa ndani ya bakuli. Mamangu huijua kwa kutia tone kiganjani, akangoja kidogo, akalipangusa na kutazama. Sukari husaidia hina ishike ngozini wala isikauke na kupukutika mapema. Mafuta ya mkaratusi huizidishia kukolea, na ndiyo yale unayoyanusia ukipita karibu na nyumba yenye arusi.

Kabla ya hayo yote kuna kuchekecha. Sisi hutumia kitambaa cha melimeli, unga unapita humo mara mbili au tatu mpaka uwe laini kama poda ya mtoto. Si ulimbwende. Kijiti kimoja tu cha jani kikipenya, huziba ncha ya koni mithili ya mwiba wa samaki kooni. Fundi akiminya kwa nguvu, koni hutema, na doa huanguka pasipotakiwa. Na doa la hina halina msamaha. Ukilipangusa papo hapo, limekwisha acha alama. Nimemwona mamangu akiligeuza doa kuwa ua, na bibi arusi akamsifu kwa ua lile kuliko maua mengine yote. Mimi na mama tulitazamana tu.

Hina ikisha pakwa, inaanza kulala mara ya pili, sasa juu ya mtu. Losoni hupenya kwenye tabaka la juu la ngozi na kushikamana na keratini, ile protini iliyomo pia kwenye kucha na nywele. Yataka saa nne kwa uchache, na bora zaidi bibi arusi alale nayo. Asubuhi akiikwangua, huiona rangi ya chungwa. Hapo ndipo simu huanza kulia kwetu: "Dada, mbona hina yako haikukolea? Ulitupa kweli ile nzuri?" Mamangu huwajibu wangoje, wasitie maji mengi, wapake mafuta. Baada ya siku moja au mbili, rangi ikipigwa na hewa, hugeuka ikaiva, ikawa ile tunayoiita damu ya mzee. Ndiyo maana arusi ya Ijumaa hina yake hupakwa Jumatano. Tena viganja na nyayo hukolea zaidi ya mgongo wa mkono, kwa sababu ngozi ya huko ni nene. Wapo wanaodhani fundi amewapunja nyuma ya mkono. Aliyewapunja ni ngozi yao wenyewe.

Kwa hivyo, tangu unga utiwe ndimu mpaka rangi iive, ni siku mbili na zaidi. Hakuna namna ya kuzifupisha. Nasema tena: hakuna. Lishike hilo, tutalirudia.

Kuhusu ufundi sitasema mengi, maana aliyeiona hina nzuri na hina mbaya hahitaji mwalimu. Mamangu alijifunza kwa somo mmoja wa Kibokoni, mjini, kwa muda wa miaka miwili, na anasema mwaka wa kwanza hakukabidhiwa koni, kazi yake ilikuwa kuchekecha na kutazama. Iko michoro ya Kihindi, iliyojaa vitone na zile korosho tunazoziona kwenye leso, ambayo haiachi hata kipande cha ngozi kitupu. Iko ya Kiarabu, yenye maua makubwa na nafasi katikati. Iko ya Kisudani, yenye mistari minene. Ya Kihindi ndiyo ghali, kwa sababu inakula saa. Siku hizi wateja huja na picha kwenye simu, "Nataka kama hii," na ile picha ni ya mkono uliochorwa kutwa nzima huko Dubai, naye mteja anataka kuondoka kabla ya magharibi.

Isitoshe, kazi hii haiko kila siku. Mwezi wa Shaaban arusi hugongana, mpaka mamangu hukataa nyingine. Ramadhani ikiingia, hakuna. Katika daftari letu la mwaka jana mwezi huo una kurasa mbili tupu, mpaka usiku wa kuamkia Idd ambapo watoto wa mtaa mzima hupanga foleni. Zile sh 2,360 za Magongo si za siku moja basi. Zinakula na siku zisizo na arusi, na humo ndimo mlimotoka pia pesa za sare niliyoivaa ninapoandika haya.

Mwezi wa Disemba 2024, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, UNESCO, liliitia hina katika orodha yake ya urithi wa utamaduni wa wanadamu. Nchi 16 za Kiarabu ndizo zilizoiombea nafasi hiyo, miongoni mwao Oman, Yemen na Sudan, ambazo hina zao zimechanganyika na zetu tangu enzi za majahazi. Kenya haikuwamo. Nilimsomea mamangu habari hiyo kwa furaha. Akaniuliza, "Na bei, wameiandika?"

Wenzangu wa kidato cha tatu, hasa wavulana, hupenda kuniambia kwamba hina ni mchezo wa wasichana, kazi ya kweli ni tatuu. Sawa. Sisi Waislamu tatuu tumekatazwa, lakini kuifahamu si dhambi, na bei yake ina jambo la kumfundisha shangazi. Mchora tatuu mwenye kuijua kazi yake hufungua sindano mpya kwa kila mteja na kuitupa baadaye. Wino uliomiminwa ukabaki haurudishwi chupani, hutupwa nao. Glavu vivyo hivyo. Sababu ni kwamba sindano huingia kwenye ngozi penye damu, na sindano iliyotumiwa kwa mwingine inaweza kupitisha virusi vya homa ya ini na hata Ukimwi. Kwa hivyo hata ukitaka nyota ndogo kama punje ya mtama, utalipia sindano nzima, wino na glavu. Ndiyo maana mafundi wengi wana bei ya chini kabisa ambayo hawaishuki, hata mchoro uwe mdogo namna gani. Ukimkuta anayeshuka, jiulize ni kitu gani hakukitupa.

Sasa nirudi kwenye hina, na hapa, msomaji, uso wangu unaona haya.

Nilisema muda wa hina hauwezi kufupishwa. Lakini mteja anataka bei ishuke, na anataka iwe leo. Ikiwa unga hauwezi kuwa rahisi zaidi na saa haziwezi kupungua, kuna njia moja tu iliyobaki, nayo ni kutia kitu kisichokuwa hina. Kitu hicho ni rangi ya nywele, ile nyeusi ya unga inayouzwa kwa vipakiti. Huku kwetu michoro yake huitwa piko. Inapendeza, siwezi kukataa. Piko nyeusi iliyozungushwa juu ya hina nyekundu hung'ara mkononi mwa bibi arusi kama wino kwenye karatasi. Hukauka kwa nusu saa. Haitaki kulala wala kungoja. Ila hakuna mhina popote duniani unaotoa rangi nyeusi. Ukiambiwa "hii ni hina nyeusi ya asili," umedanganywa.

Ndani ya rangi hiyo ya nywele mna dawa iitwayo parafenilenediamini, ambayo kwa kifupi ni PPD. Katika nchi za Umoja wa Ulaya inaruhusiwa kwenye rangi za nywele tu, isizidi sehemu mbili kwa mia wakati wa kupakwa, wala hairuhusiwi kupakwa ngozini. Marekani ni wakali zaidi, huko hata hina yenyewe imeidhinishwa kwa nywele peke yake. Nao wachoraji wa piko hawapimi. Humimina kipakiti kizima ili iwe nyeusi tititi, kisha huiacha ngozini mpaka ikauke.

Mamangu hachori piko. Kwa hilo amepoteza wateja, nami nilimwona mjinga.

Mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, usiku wa kuamkia Idd-ul-Fitri, foleni ya hina ilifika barabarani. Mamangu alikuwa akitoza sh 300 kwa mikono miwili, upande mmoja. Wasichana wengine walikuwa wakirudi makwao kwa kuiona bei na kuchoka kungoja. Nikapata akili, au niseme ujinga wenye miguu. Nikanunua vipakiti vitatu vya rangi ya nywele kwa sh 150, nikakaa nyuma ya nyumba ya jirani na tochi ya simu, nikatangaza piko kwa sh 150 tu, dakika ishirini na umekwisha. Walikuja kumi na mmoja. Nilipata sh 1,650. Nikitoa gharama, faida ni sh 1,500, kwa saa nne. Mpenzi msomaji, hizo ni sh 375 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya mamangu, fundi wa miaka kumi na tisa. Nilijilaza usiku ule nikijiona tajiri.

Wa kumi na moja alikuwa rafiki yangu, tunayekaa dawati moja. Ameniruhusu niandike habari zake, ila jina niliache. Siku ya pili ya Idd alinipigia simu mkono unamwasha. Siku ya tatu nilikwenda kwao. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba mpaka vidole havikunjiki, na juu yake palikuwa na malengelenge, yanatoa maji. Kilichonitia kiwewe si malengelenge. Ni kwamba yalikuwa yamejipanga. Palikuwa na ua, na jani, na mstari unaopanda mpaka kwenye kidole cha shahada. Ulikuwa mchoro wangu mwenyewe, umeinuka juu ya ngozi kana kwamba umechorwa kwa maji ya moto.

Mamake hakunigombeza. Alinikaribisha ndani, jambo lililoniuma zaidi.

Baadhi yenu mtamkumbuka alivyokuja shuleni akiwa amefungwa bandeji, akaandika kwa mkono wa kushoto karibu wiki tatu. Mliuliza akasema ni mafuta ya kupikia. Sasa mnajua.

Hospitali daktari alimweleza, nami nikiwapo, kwa nini wale kumi wengine hawakudhurika. Rafiki yangu alikuwa amewahi kuchorwa piko kwenye arusi ya binamu yake mwaka uliotangulia, na haikumfanya lolote. Ile mara ya kwanza mwili wake uliitambua PPD na kuitia katika orodha ya maadui, kimyakimya. Mara ya pili ukapigana nayo. Huo ndio mzio, na ukisha kuwa nao hautoki. Hataweza kutia rangi nyeusi ya nywele maishani mwake bila ya hatari, na kila aendapo kutibiwa au kung'olewa jino anatakiwa awaeleze, kwa sababu baadhi ya dawa za ganzi ni jamaa wa PPD na mwili unaweza kuzifananisha. Wale kumi wengine, akasema daktari akinitazama mimi, wasidhani wamesalimika. Huenda wamo safarini.

Mamangu alilipa hospitali, dawa na tuktuk. Niliandika daftarini kwa mkono wangu, kama karani: sh 2,300. Toa katika faida yangu ya sh 1,500. Nilikuwa nimepata hasara ya sh 800, na mkono wa mtu. Kisha mamangu alinipeleka kwa wale kumi, nyumba kwa nyumba, niwaeleze mwenyewe na kumrudishia kila mmoja sh 150 zake. Ilituchukua siku mbili. Hizo nazo, wenye kupenda hesabu, zijumlisheni.

Nisiipambe hina ya asili kupita kiasi. Nayo ina watu wake isiowafaa. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali inayopatikana zaidi katika nchi za malaria kama pwani yetu, na kwao hata hina safi inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Kwa hivyo mamangu hampaki mtoto mchanga, hata nyanya yake alie vipi kwamba ni mila. Nyanya mmoja wa Migadini alihama kwetu kwa ajili hiyo.

Kwa upande wa piko, wapo bado wanaochora mtaani kwetu, kwa bei ya chini ya yetu. Sitawataja, na nani mimi wa kuwataja? Jambo ninaloweza kukwambia ni la kutazama. Hina ya kweli ikiwa bado mbichi ni kama uji mzito wa kijani au wa kahawia, na hunuka majani, ndimu na mafuta. Ya uongo ni nyeusi tangu bakulini. Fundi akikwambia uikwangue baada ya nusu saa, au akikuahidi nyeusi leo leo, mwombe akuonyeshe pakiti. Akikataa, mwachie arbuni yake uende zako.

Mwaka huu usiku wa kuamkia Idd mamangu alikuwa barazani kama kawaida, nami nimerudishwa kwenye kuchekecha, cheo changu cha zamani. Foleni ilikuwa fupi kuliko ya mwaka jana. Kiasi cha saa nne usiku rafiki yangu alikuja na mamake. Alama za mkono wake wa kulia bado zaonekana ukimtazama juani, ua jeupe na mstari wake. Mamangu alimwonyesha pakiti, akamwonyesha kitambaa nilichochekechea, akamnusisha bakuli. Akasema atamtia tone moja tu nyuma ya kiwiko na arudi kesho jioni, kama hakuna kuwasha ndipo amchore. "Lakini kesho ni Idd yenyewe, mwanangu. Utakuwa umechelewa."

"Si neno, nitangoja," akasema.

Alirudi kesho yake baada ya magharibi, hapakuwa na mtu mwingine barazani. Akanyosha mkono wa kushoto. Mamangu alipomaliza alikataa kupokea pesa. Mamake rafiki yangu naye alikataa kuondoka, wakavutana pale mlangoni mpaka chai ikapoa, na mwishowe alizihesabu mwenyewe, akanitilia mimi mkononi. Zilikuwa mia tatu kamili.